Mwenye nyumba anayeingia fremu yako atakavyo: yanayosemwa na ukweli wake

Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, fremu nyingi ziko mbele ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi uani. Ujirani huo una heri zake, lakini umezaa imani zinazowaumiza wafanyabiashara wa Tanga.

"Nyumba ni yangu, naingia nitakapo."
Hapa ndipo penye ugomvi wote. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaweka sharti ndani ya upangishaji hata kama mkataba haukulitaja: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake akae kwa utulivu, bila kusumbuliwa na mwenye nyumba wala aliyetumwa naye. Umiliki unabaki wake, ila kwa muda ulioulipia matumizi ni yako. Kufungua stoo kwa ufunguo wa akiba ukiwa umefunga, kuhesabu wateja, kuwauliza vijana wako mauzo ya leo: hayo yote hayamo katika haki zake. Na inauma zaidi kwa mama mwenye saluni au fundi cherehani, ambaye mteja wake anavua nguo humo ndani.

"Basi nabadilisha kitasa, asikanyage tena."
Hapana. Ana haki ya kukagua jengo lake kwa saa za staha na kulitengeneza. Mji huu uko baharini, chumvi inakula nondo na mabati; asipokagua, dari litakuangukia wewe. Andikeni kwenye mkataba: taarifa ya saa 48, mchana, nawe ukiwepo. Dharura kama moto au bomba kupasuka haingoji taarifa.

"Nitamzuilia kodi mpaka akome."
Usithubutu. Kinga yako inasimama juu ya kulipa. Lipa kwa benki au simu, utunze risiti.

"Hatukuandikishana, sina haki."
Upangishaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo, na sheria inautambua. Hata hivyo, andikeni.

"Kumwandikia mzee ni kumvunjia heshima."
Hii naielewa, maana pwani maneno makavu yanabeba uzito. Lakini adabu na maandishi vinakaa pamoja: "Shikamoo mzee. Jana jioni nilikuta stoo imefunguliwa. Naomba tukubaliane, ukitaka kukagua unijulishe siku mbili kabla, nami nitakuwepo kukupokea." Ujumbe huo haumtukani mtu, na una tarehe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokewa kama ushahidi. Akiendelea, andika kila tukio: siku, saa, nani alikuwepo.

"Mwenyekiti wa mtaa ataamua."
Anaweza kuwapatanisha, na mara nyingi inatosha. Kuhukumu si kazi yake. Hata Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba, risiti za kodi, ujumbe uliochapishwa na orodha yako ya matukio, pamoja na hati ya Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, kama limeitoa; siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri hata bila hati hiyo.