Kwa nini printa ni rahisi na wino wake ni ghali?

Jibu la kawaida ni kwamba wino una kemia ngumu, ndiyo maana bei yake iko juu. Hebu tulipime kwa bidhaa mbili zilizopo madukani. Katriji nyeusi ya HP 305 ina mililita 2 za wino, na kiwandani inakadiriwa kuchapa kurasa 120. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayojaza printa za tangi kama L3150 (wino wake humiminwa kwenye tangi la mashine badala ya kuwekewa katriji), ina mililita 65 na inakadiriwa kuchapa kurasa 4,500. Ukigawanya, katriji inatoa kurasa 60 kwa mililita, chupa inatoa kama 69. Karatasi inanyweshwa wino karibu uleule. Ila kufikisha kurasa 4,500 kwa katriji hizo utanunua 38, na kwa kawaida chupa nzima haifiki bei ya katriji mbili.

Ukweli kidogo upo katika jibu lile la kwanza: katriji ya HP 305 imebeba pia kichwa cha kuchapia, kile kipande chenye vitundu vidogo vinavyorusha wino. Unanunua kichwa kipya kila wino unapoisha. Hata hivyo, kichwa hakielezi pengo lote. Kuna printa nyingi ambazo kichwa chake hakitoki kwenye mashine, na katriji zake zenye wino mtupu nazo ni ghali.

Kinacholeta tofauti ni mahali kampuni ilipoamua kuchukulia faida. Printa ya katriji ni kama mkopo usioandikwa: unapewa mashine kwa bei ya chini, kisha unalipa kidogo kidogo kila unapobadilisha wino. Shaka ya mkopeshaji ni moja: mteja akinunua wino kwa mwingine, deni halilipwi. Hapo biashara inaingia ndani ya mashine na kuanza kuwapangia wahandisi kazi. Kumbuka mitungi ya gesi ya Kenya kabla ya kanuni za 2009 zilizotaka vali za aina moja, kampuni zilipokuwa na vali za vipimo tofauti. Ukishanunua mtungi na regula yake, umefungwa kwa muuzaji huyo. Chipu ya katriji, kile kipande kidogo cha kielektroniki kilichobandikwa juu yake, ndiyo vali hiyo. Printa huiuliza chipu utambulisho wake, na isiporidhika na jibu, haichapi hata kama wino umejaa. Tena vali hii hubadilishwa ukiwa umelala, kupitia masasisho ya programu ya ndani: Septemba 2016 baadhi ya printa za HP zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi vizuri.

Mageuzi ya kuhama kutoka katriji kwenda tangi yalianzia Indonesia. Watu huko walikuwa wakifunga matangi ya nje na mipira ya kupitishia wino kwenye printa za kawaida, na mashine ikawa inauzwa kwa bei ya mkopo bila deni kulipwa. Mwaka 2010 Epson ikaamua kutengeneza printa ya tangi yenyewe na kuiuza huko kwa bei kubwa tangu mwanzo. Iliwezekana kwa sababu vichwa vya Epson hukaa ndani ya mashine na vimeundwa kudumu. Marekani iliziona printa hizo 2015 tu.

Faida ikishahamia kwenye mashine, matatizo nayo yanahama. Chupa za kwanza huchapa kurasa chache kuliko ilivyoandikwa, maana wino mwingine unajaza mipira na kichwa. Printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu, na kichwa hakibadilishwi kwa kununua katriji. Chapa walau ukurasa mmoja wa rangi zote kila wiki. Usisafishe kichwa mara tatu nne mfululizo, kwani kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji iliyo chini ya mashine. Printa huhesabu wino huo, na hesabu ikifika kikomo inagoma kabisa. Fundi anaweza kurudisha hesabu kwenye sifuri kwa dakika chache kwa kompyuta. Mwambie abadilishe na sponji yenyewe, kwa sababu iliyoshiba haijui kwamba hesabu imefutwa, na wino utavuja mezani.