Je, wajua kwa nini Elsa hakurudi nyumbani? Jibu nililipata Isyonje

Isyonje mwezi wa saba si sehemu ya kutania. Ni pale njia panda, ukitoka Mbeya unaelekea Tukuyu, unakata kushoto kwenda Kitulo. Asubuhi ukipita shambani unakuta weupe umekaa juu ya majani kama mtu kamwaga chumvi, na viazi vikipigwa na ile barafu siku mbili tatu tu majani yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo watoto wa kule ukiwaambia kuna dada akigusa kitu kinaganda hawashangai sana, wanauliza tu viazi vyake vilipona au havikupona.

Basi siku hiyo tuko kwa bibi, jiko la mkaa liko katikati, viazi vimechemshwa na maganda yake, mi nimebeba laptop yenye katuni za Frozen zote mbili. Mpwa wangu ana miaka nane, kaangalia ya pili mpaka maandishi ya mwisho yanapita, kanigeukia kanuna.

"Anko, sasa Elsa mbona kamwacha mdogo wake?"

Na hilo swali si la kitoto, maana toka ile katuni itoke watu wazima na ndevu zao wanabishana hilohilo: je, ule mwisho ni wa Elsa na Anna kweli tunaowajua, au watengenezaji wamewalazimishia tu ili muvi iishe kwa mshangao?

Kwa ambao hamjaziona nawapa kwa kifupi, na mwisho nautaja, asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa. Ya kwanza ilitoka 2013, ya pili 2019, zote za Disney, waongozaji ni walewale, Chris Buck na Jennifer Lee. Elsa ni mtoto wa kwanza wa mfalme wa Arendelle, kazaliwa na uwezo wa kugandisha vitu. Akiwa na miaka 8 na mdogo wake Anna ana 5 wakawa wanacheza usiku, akamuumiza Anna kichwani kwa bahati mbaya, wazazi wakaogopa, Elsa akafungiwa chumbani, Anna akafutiwa kumbukumbu za ule uchawi, na toka hapo kazi ya Anna ikawa kupiga hodi kwenye mlango ambao haufunguliwi. Miaka 13. Wazazi wakafa meli ikizama na bado mlango haujafunguliwa. Siku Elsa anatawazwa siri ikalipuka, akakimbilia mlimani, Anna akamfuata mpaka akakaribia kufa kwa ajili yake, mwisho wakapatana na milango ikafunguliwa.

Ya pili inaanza miaka mitatu baadaye. Elsa anasikia sauti inamwita, wanaenda kwenye msitu wa watu wanaitwa Northuldra, msitu umefungwa na ukungu miaka na miaka, na huko wanakuja kugundua kwamba babu yao mzaa baba, mfalme Runeard, aliwajengea wale watu bwawa kama zawadi kumbe ni mtego wa kuwadhoofisha, halafu akamuua kiongozi wao akiwa hana hata silaha mkononi. Na mama yao marehemu, Iduna, kumbe alikuwa mtu wa msitu huohuo. Elsa anabaki msituni, Anna anarudi nyumbani kuwa malkia.

Sasa piga hesabu aliyoipiga mpwa wangu: miaka 13 mlango umefungwa, miaka 3 umefunguliwa, halafu dada kaondoka tena. Hapo ndo watu wanapandisha mori, wanasema muvi ya kwanza yote ilikuwa inahangaika kuwaunganisha hawa ndugu, ya pili imewatenganisha kwa saa moja na nusu tu. Nawaelewa kabisa. Ila nadhani wanamwangalia Elsa pale alipokaa kwenye kiti cha enzi, hawamwangalii alipokuwa peke yake.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu ya kwanza. Mwanzoni kabisa Elsa alipangwa awe adui wa muvi, kama yule malkia wa theluji wa kwenye hadithi ya zamani ya Hans Christian Andersen ya 1844 waliyochukulia wazo. Kilichobadilisha ni wimbo. Watunzi Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez walivyoleta "Let It Go", timu ikausikiliza ikaona huyu dada hawezi kuwa mbaya, huyu ni mtu aliyechoka kujificha, wakarudi kuandika stori upya. Wimbo wenyewe ukabeba Oscar 2014. Sasa angalia ule wimbo anauimbia wapi: mlimani, usiku, hana mtu, katupa glavu, katupa na taji. Yaani tabia ya Elsa tunayoijua ilizaliwa akiwa peke yake juu ya mlima, haikuzaliwa ikulu. Ikulu anahesabu pumzi. Mlimani ndo mara ya kwanza toka afungiwe tunamwona anacheka meno yote nje.

Na ya pili inakukumbusha mapema kabisa, ila unaweza kupitwa. Kuna usiku familia imekaa inacheza ule mchezo wa kuigiza kitu bila kuongea wenzako wakisie. Olaf, yule sanamu wao wa theluji anayeongea, anaweza, Elsa hawezi, kasimama pale kakakamaa kama mtu aliyeitwa kutoa neno la shukrani harusini bila kuambiwa. Halafu sauti inamwita tu anaaga eti kachoka. Anaenda kujifunika shuka ya marehemu mama yake.

Hapo kwenye shuka ndo bibi yangu alipoingilia. Muda wote nilijua kasinzia, Kiingereza chenyewe hakijui, mimi ndo nilikuwa namtafsiria juujuu kama wale jamaa wa kibanda umiza, mengine naongeza chumvi. Kumbe anaangalia.

"Hiyo shuka mbona hawaiachi?" akauliza. "Ni ya mama yao?"

Nikamwambia ndiyo, na baadaye kule msituni wanaitambua, maua yake ni ya ukoo wa zamani wa kule.

"Haa. Basi huyo mtoto hajamwacha mtu. Kaenda ujombani."

Mi nimesoma mabishano ya hii muvi mengi tu, nimekutana na maneno makubwamakubwa, sijawahi kukutana na hilo na ndo jibu lenyewe. Elsa kaenda kwa wajomba. Aliyekosa ni babu mzaa baba, waliokosewa ni upande wa mama, watoto wako wawili, bibi akasema mmoja anabaki kulipa deni la kwa baba, mwingine anaenda kukaa na waliokosewa ili wajue mtoto wao hakupotea. Na Elsa mwenyewe karibu na mwisho anamwambia Anna kitu kama hicho, kwamba daraja lina pande mbili na mama yao alikuwa na mabinti wawili. Ukiisikia kama mtu wa kwetu huoni utengano wowote hapo, unaona kikao cha ukoo kimegawana majukumu.

Ulinganishe na mwisho wa aina nyingine. Kwenye Wreck-It Ralph, katuni nyingine ya Disney ya 2012, kuna katoto kanaitwa Vanellope kanapigana muvi nzima karuhusiwe kushindana kwenye gemu la kwao, kanafanikiwa. Ya pili yake ya 2018 kanaona gemu lake limeshazoeleka, kanahamia gemu lingine la magari la mtandaoni na kumwacha rafiki yake Ralph. Hapo mimi naguna, kwa sababu ukirudi kwenye ya kwanza hukuti mbegu ya kuondoka, unakuta mbegu ya kubaki. Kwa Elsa mbegu iko, imeota kabisa toka 2013, ila sisi tulikuwa tunacheza wimbo wake kwenye birthday za watoto hatusikilizi unasema nini.

Siwatetei sana lakini. Baada ya muvi kutoka Disney walionyesha mfululizo wa vipindi kuhusu jinsi walivyoitengeneza, na kinachoonekana wazi ni kwamba siku za kukabidhi kazi zinakaribia na wenyewe bado wanavutana ile sauti inayomwita Elsa ni ya nani. Waliishia kwa mama, kumbukumbu ya wito wake siku alipomwokoa baba yao msituni. Ni jibu zuri, ila limechelewa na linaonekana limechelewa, ndo maana watu wengi wanatoka hawajaelewa kwamba ni mambo ya ukoo, wanabaki na maelezo ya roho za kule msituni, roho ya tano, roho ya moto, roho ya maji, unachoka.

Ila kwangu kasoro ya ule mwisho haiko kwa Elsa, iko kwa Anna, na hii siioni ikisemwa.

Anna ni mtu wa namna gani? Ni mpiga hodi. Hawezi kuachwa nyuma, hawezi kukaa peke yake, kwenye ya kwanza alikuwa tayari kuolewa na mtu waliyekutana siku hiyohiyo kisa tu kasikilizwa. Kwenye ya pili wakamnyang'anya vyote. Elsa kaganda huko mbali, Olaf kamyeyukia mikononi vipandevipande, yuko pangoni gizani hana hata wa kumwambia pole. Na pale pale anainuka, anaimba huku analia, anaamua afanye jambo moja lililo sahihi halafu lingine. Anatoka anawachokoza yale majitu ya mawe yamfukuze yabomoe bwawa, akijua maji yakishuka yanapita na Arendelle yote, ikulu, nyumba za watu, kila kitu. Watu wenyewe walishahamishiwa juu, lakini mji unaenda. Mtu aliyewahi kusimama Mtera akaangalia ule ukuta ulivyomzuia Ruaha Mkuu anajua bwawa si kitu cha kukibomoa kwa hasira, unabomoa umeshaaga. Kwa mimi hapo ndo Anna alitawazwa, zile sherehe za mwisho ni mapambo. Aliyekuwa anaogopa kupoteza mtu mmoja kakubali kupoteza mji kwa sababu ni deni la babu yake.

Halafu nini kikatokea? Elsa akayeyuka, akaja mbio juu ya farasi wa maji, akasimama mbele ya wimbi akaligandisha, mji ukapona hata kigae hakikudondoka. Olaf naye akarudi.

Kibanda umiza tulikuwa tunasema steringi hafi, sawa, ni katuni ya watoto, sikutaka Elsa afe. Ila deni la babu limelipwa na nani sasa? Anna alitoa kila alichonacho mezani, wakamrudishia na chenji. Wangeacha hata nusu ya mji iende, tukamwona Anna malkia anajenga upya na wale watu wa msituni wanakuja kumsaidia, hapo ningekaa kimya. Elsa kapewa mwisho unaotoka moyoni mwake, Anna kapewa cheo halafu ule ujasiri uliomstahilisha cheo ukafanywa kama haukuwa na gharama. Na ya tatu ilishatangazwa toka 2023, sijui kama watagusa hapo, mi ningekuwa pale mezani ningewaanzishia hapohapo kwenye wimbi.

Kitu kimoja wamekipatia mpaka nikawasamehe kidogo. Mwisho kabisa Anna anamtumia dada yake barua kwa upepo, anamwambia Ijumaa usiku kuna ule mchezo, asichelewe. Ule ule mchezo wa kuigiza ambao Elsa hauwezi! Anna hajabadilika hata chembe, bado anapiga hodi, tofauti safari hii mlango uko wazi, na Elsa akishaisoma anapanda farasi wake.

Nikamwelezea mpwa wangu haya yote, ya ujombani, ya bwawa, ya barua. Akasikiliza huku anamenya kiazi, mvuke unatoka. Bibi ameshajifunika shuka yake mpaka kichwani.

"Kwa hiyo kila Ijumaa anakuja?"

"Anakuja."

"Na Jumamosi anaondoka?"

"Ee."

Akatafuna kwanza. "Sasa na yule farasi ni wa maji, baridi yote ile, si angelala tu mpaka Jumatatu."