Je, Wajua Kwa Nini Njia ya Mlimani Hupindapinda Badala ya Kupanda Moja kwa Moja?

Umesimama chini ya kilima ndani ya hifadhi ya kupumzikia. Kilele unakiona pale juu, na kwa macho tu ni mwendo wa dakika chache. Lakini njia iliyochongwa inakupeleka kushoto, tena mbali, halafu inafika kona na kukurudisha kulia, kama vile aliyeichora alikuwa analipwa kwa mita. Kwa nini?

Wengi hujibu haraka: ili watu wasichoke. Si uongo, ila hiyo ni sehemu ndogo tu ya jibu. Miguu yetu inaweza kuhimili njia kali kuliko hizo tunazochongewa. Mwaka 1995 mtafiti Alberto Minetti alichapisha hesabu za nguvu anazotumia mtu anapopanda mlima. Alichotaka kujua ni mwinuko gani unamfikisha mtu juu kwa gharama ndogo kabisa ya mwili. Jibu lake lilikuwa kama asilimia 25, yaani kwa kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 25. Njia ikiwa kali kuliko hapo, mtu hupata nafuu akianza kupinda mwenyewe; ikiwa ya polepole zaidi, anatembea mbali bila faida ya nguvu.

Sasa chukua mwongozo wa wajenzi wa njia za hifadhini. Wao hulenga wastani wa asilimia 10. Ili upande mita 100 kwenda juu kwa asilimia 25, unahitaji njia ya mita 400 hivi. Kwa asilimia 10, njia hiyo inakuwa kilomita nzima. Umbali umezidi mara mbili na nusu, na bajeti ya kuchonga nayo imepanda vivyo hivyo. Hakuna halmashauri wala kaunti inayotumia fedha kiasi hicho kwa ajili ya kuhurumia mapafu ya watu. Anayehofiwa hapa ni maji ya mvua.

Maji hufuata mkondo, na mlimani mkondo wake wa asili ni mstari mkali kuliko yote: ule ambao jiwe la duara lingeufuata ukiliachia lishuke lenyewe. Njia inayopanda moja kwa moja hukalia mstari huohuo. Nyayo zinaua majani, zinashindilia udongo, na baada ya muda njia inakuwa chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni. Basi, umeshachimba mtaro. Mvua ikinyesha, maji ya pande zote yanaingia humo na hayana pa kutokea mpaka bondeni.

Hapo kasi ndiyo inayoleta balaa. Kuna kanuni ya zamani katika elimu ya mito kwamba uzito wa jiwe kubwa kuliko yote ambalo maji yanaweza kulisukuma huongezeka kwa kipeo cha sita cha kasi. Kwa maneno mepesi, maji yakikimbia mara mbili ya kasi ya mwanzo, yanaweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64. Ndiyo maana mtaro uliokuwa unabeba mchanga tu mwezi uliopita unaweza kung'oa mawe ya ukubwa wa kichwa baada ya mvua moja nzito. Kisha watembezi wanaukwepa mfereji huo na kupita pembeni, pembeni nako kunachimbika, nao wanasogea tena. Njia moja inageuka kuwa tatu zilizolala sambamba, zote mbovu.

Ukitaka kuona tofauti ya mitindo hii miwili, Marekani ina mifano mizuri. Katika milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire, watu walianza kuchonga njia za kupandia milima mapema sana. Ile ya Crawford Path ilianza mwaka 1819. Njia nyingi za zamani za eneo hilo zilielekea kileleni bila kona, na leo sehemu zake kubwa ni mawe na mizizi mitupu, udongo ulishakwenda. Upande wa magharibi wa nchi hiyo kuna Pacific Crest Trail, njia ya takriban kilomita 4,265 kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada. Hiyo ilikusudiwa kupitika hata na farasi, kwa hiyo mwinuko wake ukawekewa kikomo cha asilimia 15, na kona zake hazihesabiki. Wapandaji wa mashariki huwacheka wa magharibi kwamba wanadekezwa. Mimi nadhani farasi waliwafanyia hisani.

Kumbe basi, jawabu ni kupunguza mwinuko? Hapana, na hapa ndipo wengi wanaojenga kwa kubahatisha hukwama. Kinachoamua si ukali wa njia peke yake, bali ukali wa njia ukilinganishwa na ukali wa kilima chenyewe. Wajenzi wana kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita. Ubavu ukiwa na asilimia 40, njia isifike 20, na hata hivyo isikae hapo kwa masafa marefu. Lakini chukua kilima cha upole, chenye asilimia 12 tu. Njia ya asilimia 10 hapo inaonekana laini kabisa, mtoto anaikimbia, na bado itaharibika, kwa sababu imekaribia mno mkondo wa maji. Hapo kikomo ni asilimia 6. Vilima vya upole vimewaumbua wachongaji wengi kuliko milima mikali, maana mlima mkali humtisha mtu mapema akafikiri.

Njia inayoheshimu kanuni hiyo hukatiza ubavuni, karibu sawa na mistari ya kontua kwenye ramani, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Maji yanashuka kutoka juu, yanagusa ukingo wa njia, yanavuka upana wake na kuendelea zake bondeni. Ili yasipate kishawishi cha kugeuka na kuifuata njia, uso wake huinamishwa kidogo kuelekea nje, kama asilimia 5 hivi, kiasi ambacho mguu hauhisi. Halafu kila baada ya mita chache njia inayopanda hushushwa kidogo, hatua mbili tatu, kisha inapanda tena. Anayetembea huona ni bonde dogo la kumpa pumzi. Kazi yake hasa ni kuhakikisha hata maji yaliyokaidi mwinamo yanaishia hapo na kutoka nje, yasipate masafa ya kujijengea kasi.

Upimaji wenyewe ni kazi ya kupendeza kuitazama. Huhitaji mitambo. Watu wawili wanatosha, na kipimamwinuko kinachoenea kiganjani, unachokitazamia kwa jicho moja. Kabla ya kuanza, wanasimama wakielekeana mahali tambarare, na anayeshika kipimo anaangalia alama ya sifuri inamgusa mwenzake wapi. Akiwa mrefu kuliko yeye, huenda ni kidevuni; akiwa mfupi, juu ya kofia. Hiyo ndiyo shabaha yao ya siku nzima. Mwenzake anatangulia vichakani, anasimama, anapimwa, anaambiwa panda kidogo, shuka kidogo, hapo hapo. Anafunga utepe wa rangi kwenye tawi, wanasogea. Mwisho wa kazi unaona mstari wa tepe ukielea katikati ya miti, na huo ndio njia kabla jembe halijagusa ardhi.

Tepe hizo hazifungwi kwa kufuata mwinuko peke yake. Kabla ya kuingia porini, mpangaji huweka ramani mezani na kutia alama mahali ambapo njia lazima ipite na mahali ambapo isithubutu kupita. Maporomoko ya maji, jabali lenye mandhari, kivuli kizuri: lazima. Kinamasi, shamba la mtu, viota vya ndege adimu: mwiko. Ukikosea upande wa lazima, wananchi watakusahihisha. Njia ikipita mita 50 kutoka kwenye maporomoko yanayosikika, na isifike, baada ya muda mfupi utakuta kijia kimechongwa na nyayo kuelekea huko, tena kwa mstari mkali ule ule wa maji uliokuwa unaukwepa.

Na kona? Kona kali ya kurudi nyuma ndiyo sehemu ghali na yenye usumbufu kuliko zote. Inabidi isawazishwe, mara nyingi ijengewe ukuta wa mawe, na maji yake yatafutiwe pa kutokea. Zaidi ya hayo, ndiyo inayowashawishi watu kukata. Mtembezi anayeshuka akiona njia ile ile hatua kumi chini yake, ushawishi wa mpangaji unaishia hapo. Atateremka moja kwa moja. Kwa hiyo fundi mzuri hutumia kona chache iwezekanavyo, akirefusha vipande vilivyonyooka kati yake. Kona yenyewe huificha nyuma ya jabali au kichaka kizito, ili kipande cha chini kisionekane kutoka cha juu. Unapopita kona na kukuta mwamba mkubwa umekaa katikati yake, usidhani njia imeukwepa mwamba. Yaelekea kona ilitafutiwa mwamba.

Tambarare nako kuna vituko vyake. Mtu angedhani hapo kazi ni rahisi, kumbe ndipo pabaya zaidi. Maji hayana pa kwenda, yanatuama, dimbwi linazaliwa, watu wanalizunguka, na njia ya upana wa mita moja inafika sita. Ndiyo maana mara nyingi utashangaa njia imeacha bonde zuri lililo sawa na kwenda kujibana ubavuni mwa kilima kilicho jirani. Pasipo na ubavu wa kukimbilia, inabidi njia iinuliwe kwa changarawe au ijengewe daraja la mbao.

Uchongaji wenyewe bado ni wa mikono kwa sehemu kubwa. Chombo kinachopendwa ni Pulaski, chenye shoka upande mmoja na jembe dogo upande wa pili, kilichopewa jina la Ed Pulaski, askari wa misitu wa Marekani aliyewaokoa wengi wa vijana wake kwa kuwaingiza ndani ya shimo la mgodi wakati wa moto mkubwa wa mwaka 1910. Kwa chombo hicho unakata rafu ubavuni mwa kilima, na kanuni ni kwamba upana wote wa njia ukae juu ya ardhi iliyokatwa. Udongo uliotolewa unatawanywa mbali chini. Kishawishi ni kuurundika ukingoni ili upate upana wa bure, lakini udongo uliofukuliwa haushiki. Utatitia, au utageuka tuta linalozuia maji yasitoke nje. Hata njia iliyojengwa vizuri huota tuta hilo polepole kwa kukanyagwa, na sehemu kubwa ya ukarabati wa kila mwaka ni kuliondoa tu. Mabwana njia wanaojua kazi hutoka mvua ikiwa inanyesha, na jembe begani, kwa sababu ndipo maji yanapoonyesha yenyewe yamezuiwa wapi.

Mipango ya namna hii inahitaji eneo kubwa kuliko mji mmoja, kwani kilima na kijito haviishii kwenye mpaka wa manispaa. Huko New Jersey, kwa mfano, kaunti ya Essex iliunda tume yake ya bustani na hifadhi mwaka 1895, ikawa ya kwanza Marekani kuendesha mfumo wa hifadhi kwa ngazi ya kaunti. Hifadhi yake ya South Mountain ina zaidi ya ekari 2,000.

Si kila mtu anapanda kwa miguu, hata hivyo. Miongozo ya Marekani ya njia zinazopitika kwa kiti cha magurudumu inaruhusu mwinuko wa hadi asilimia 5 kwa masafa yoyote. Asilimia 8.33 inaruhusiwa kwa kipande kisichozidi mita 61, kisha pawe na mahali pa kupumzikia. Kwa njia hizo, ubavu wa kilima ukiwa na mwinuko wa kutosha, kanuni ya nusu inatimia karibu yenyewe. Naona ajabu kwamba wapangaji wengi bado huzihesabu kama mzigo wa ziada, wakati ndizo zinazodumu.

Unaweza kuyakagua haya mwenyewe wikendi hii. Simu nyingi zina programu ya kupimia mlalo. Kwa kawaida inasoma kwa digrii, na asilimia 10 ni karibu digrii 6, asilimia 20 karibu digrii 11. Laza fimbo iliyonyooka juu ya njia kuelekea unakokwenda, weka simu juu yake, soma. Kisha geuza fimbo iegemee ubavu wa kilima, soma tena. Namba ya kwanza ikizidi nusu ya ya pili, angalia chini ya miguu yako: kama njia ina umri wa misimu michache, mfereji utakuwa umeshaanza.