i++ mara mbili kwenye mstari mmoja

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba lugha ya programu ya C hukokotoa mstari kama tunavyousoma sisi, kutoka kushoto kwenda kulia. Haya, jaribu hii (i++ hutoa thamani ya sasa ya i, kisha huiongeza moja):

int i = 5;
printf("%d %d\n", i++, i++);

Kwa Clang, moja ya kompaila (programu zinazogeuza msimbo wa C uweze kuendeshwa na kompyuta), kwa kawaida utaona 5 6. Kwa kompaila nyingine, GCC, kwenye kompyuta za x86 (zenye prosesa za aina ya Intel na AMD), mara nyingi ni 6 5. Watu huishia kubishana kompaila ipi ni mbovu, na hakuna iliyo mbovu. Kiwango cha C, yaani kanuni rasmi za lugha, hakisemi hoja ipi ya fanksheni (thamani inayopewa ndani ya mabano) ikokotolewe kwanza, na koma iliyo kati yake kazi yake ni kutenganisha tu. Tena kuna kubwa zaidi: kubadilisha kigeu kimoja mara mbili bila utaratibu wowote kati ya mabadiliko hayo ni tabia isiyofafanuliwa. Kompaila haidaiwi jibu lolote hapo, hata hilo 6 5.

“Basi nitaweka mabano.” Hayasaidii. Mabano huamua nini kinazidishwa au kujumlishwa na nini, hayaamui nani aitwe kwanza. Katika f() + g() * h(), kuzidisha kunatangulia kujumlisha, lakini f inaweza kuitwa kabla ya nyingine, katikati au mwisho. Kama zote tatu zinasoma faili moja, umekwisha. Nafuu iliyopo ni kwamba fanksheni haziingiliani: utapata mmojawapo kati ya mipangilio sita, ila hujui upi.

Wapo waliotishika hadi wakadhani C haina utaratibu kabisa. Inao: &&, ||, ?: na opereta ya koma (si koma ile ya kutenganisha hoja) hukamilisha upande wa kushoto kwanza. Ndiyo maana if (p && p->umri > 18) ni salama: p ikiwa NULL, yaani haielekezi popote, upande wa kulia haukokotolewi.

Na lile la “kwangu inafanya kazi” ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kubadili -O0 (bila uboreshaji wa kasi) kuwa -O2 (pamoja na uboreshaji) unapokompaili kunaweza kuleta jibu jingine. Usitegemee mazoea ya lugha ya Java pia. Huko kushoto kwenda kulia kumeandikwa kwenye kanuni. Hata i = i++, ambayo C++17 imeihalalisha, katika C bado haijafafanuliwa.

Washa -Wall (chaguo la kuonyesha maonyo), GCC itakuonya kupitia -Wsequence-point, ingawa haioni kila kosa. Kisha gawanya mstari:

int a = i++;
int b = i++;
printf("%d %d\n", a, b);

Anayehofia kwamba vigeu viwili vya ziada vitapunguza kasi, kwa -O2 kwa kawaida havigharimu chochote.