Kwa nini maegesho ya maktaba yamefungwa

Tangu muhula huu uanze, Idara ya Milki na Majengo ya chuo chetu imepokea malalamiko mengi, karibu yote kuhusu jambo moja. Uwanja wa mbele ya maktaba, ambao watu wameuzoea kuwa maegesho, umewekewa nguzo, na magari yameelekezwa maegesho ya chini, jirani na geti kuu. Baadhi ya barua zina maneno makali. Naamini waandishi wake wana nia njema, ila hesabu iliyotufikisha hapa hawajaiona.

Gari dogo lililosimama linachukua mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kuingilia, kugeuzia na kutokea, kila gari linakula karibu mita za mraba 25. Kwa hiyo magari 100 yanataka mita za mraba 2,500, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira wa miguu. Na gari la mtumishi huja na mtu mmoja, likakaa hapo hadi jioni. Basi dogo la Coaster likitoka Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, na abiria ishirini na ushee hushusha kwa dakika chache na kuondoka. Abiria hao wote wakishuka ni watembea kwa miguu, na hadi mwaka jana hatukuwa na njia ya kuwapitisha.

Nasema hivi nikijua kuwa wanafunzi wamelaumiwa sana kwa kukanyaga bustani. Mimi sikubaliani na lawama hizo. Majani yakikanyagwa mpaka udongo ukaonekana, ujue hapo ndipo watu wanapopita kweli, na mpangaji mwenye akili hujenga njia palepale badala ya kuzungusha seng'enge. Tulipopima njia ya mkato iliyotoka kituo cha daladala, tuliona inakata moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa maktaba, kisha inapotelea katikati ya magari. Wakati wa kiangazi ilipitika. Mvua za Mbeya zikianza Novemba, mteremko ule unakuwa utelezi mtupu, na kila mwenye viatu vya darasani anapanda kwenye lami. Hapo anakutana na dereva anayerudi nyuma, kioo kimejaa ukungu, hamwoni.

Njia mpya ya vitofali imefuata mkato uleule. Upana wake ni mita 2, ili viti viwili vya magurudumu vipishane, na mtaro umepitishwa chini yake kwa kalavati.

Kuhusu mwendo, wapo wanaotuambia kuwa sheria ya barabarani inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, sasa chuo kimepata wapi kikomo cha 30 ndani ya geti? Hiyo 50 ni kikomo cha juu. Haimlazimishi mtu kuifikia, wala haimzuii mwenye eneo kuweka mwendo mdogo ndani ya geti lake. Kwenye kilomita 50, gari husafiri karibu mita 14 katika sekunde moja, kabla mguu haujagusa breki. Kwenye 30 ni karibu mita 8. Tofauti hiyo ya mita 6 ndiyo upana wa barabara yetu ya ndani. Mtu akiniambia ameendesha miaka ishirini bila ajali namheshimu, lakini uzoefu wake haumwongezei mwanafunzi sekunde ya kukimbia.

Nafasi nne zilizobaki mbele ya maktaba ni za watu wenye ulemavu. Zina upana wa mita 3.6 kwa sababu mlango wa gari unafunguliwa wote na kiti cha magurudumu kinawekwa kando yake. Njia ya mteremko ya kuingilia hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ukumbi ulioinuka nusu mita umedai mteremko wa mita 6. Dereva anayeegesha kwenye mguu wa mteremko huo "dakika mbili tu" amefunga jengo zima kwa mwenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hili halina mjadala, na wanaoendelea kulibishia wanatuchosha.

Sasa utaratibu. Stika ya kuegesha hutolewa ofisini kwetu kwa nakala ya kadi ya gari na kitambulisho cha chuo. Hubandikwa kwenye kioo cha mbele, upande wa kushoto, na haihamishwi kwenda gari lingine hata kama magari yote mawili ni yako. Stika inakupa ruhusa ya kuingia na kuegesha panapopatikana. Haikupi umiliki wa nafasi. Ukiegesha pasiporuhusiwa, kosa la kwanza ni onyo la maandishi linalowekwa chini ya waipa, na namba ya gari huandikwa kwenye daftari la mlinzi. Kosa la pili, gurudumu hufungwa, nawe unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mlinzi haruhusiwi kupokea fedha taslimu, na akikuomba tuletee taarifa. Kosa la tatu ndani ya muhula mmoja, stika inafutwa. Anayeona ameonewa aandike ndani ya siku saba, aambatishe picha. Gari linaloziba kivuko cha pundamilia, mteremko au njia ya gari la zimamoto halipewi onyo la kwanza. Linafungwa papo hapo.

Bodaboda na bajaji zinashusha kwenye kibanda kipya cha nje ya geti. Anayemleta mgonjwa, mjamzito au mtu asiyeweza kutembea amwambie mlinzi, atafunguliwa nguzo.

Kwa mahafali, wazazi mnaotoka mbali tunawaomba mtangulie kuuliza getini. Kiwanja cha michezo hakitatumika kuegesha, kwani hunasa magari mvua ikinyesha. Tutatumia maegesho ya chini, na wazee watapandishwa hadi ukumbini kwa gari la chuo.