Mwaloni wa Mpakani: Mashamba ya Thomas Lincoln

Mwaka 1805 mpima ardhi mmoja huko Kentucky, Marekani, alipima shamba lenye chemchemi na kuutumia mti wa mwaloni mweupe kuwa alama ya mpaka wake. Miaka mitatu baadaye shamba hilo lilinunuliwa na mkulima aliyekuwa pia seremala, Thomas Lincoln. Februari 1809 mkewe, Nancy, akajifungulia hapo mtoto wa kiume, Abraham, rais wa baadaye wa Marekani ambaye ulimwengu mzima unamjua. Mwaloni ule ulikufa mwaka 1976. Haki ya Thomas juu ya shamba lile haikufikisha hata miaka kumi.

Kazi yangu ni kupima ardhi, na kwa miaka mingi nimemsoma Thomas Lincoln kwa jicho la kazi hiyo. Walioandika habari za mwanawe wengi walimpitia baba juujuu: mvivu, mtu asiyetulia, wa kuhamahama. Abraham mwenyewe hakumpamba. Mwaka 1860 aliandika kwamba baba yake alikua bila elimu, na kwamba kuandika kwake hakukuvuka kutia sahihi jina lake, tena kwa shida. Lakini katika maelezo hayohayo alieleza kwa nini waliondoka Kentucky: kwa kiasi fulani ni sababu ya utumwa, ila hasa ni matatizo ya hati za ardhi. Neno hilo wengi hulisoma na kuendelea. Mimi siwezi, kwa sababu ndani yake kuna maisha mazima ya mtu.

Tuanze na ukoo. Mwaka 1637 mfumaji aitwaye Samuel Lincoln alivuka bahari kutoka Hingham, Uingereza, akatua Massachusetts. Vizazi vilivyofuata viliteremka kupitia New Jersey na Pennsylvania hadi Virginia, na huko ndiko Thomas alikozaliwa Januari 1778. Baba yake, Kapteni Abraham Lincoln, aliihamishia familia Kentucky mnamo 1782 na kujipatia zaidi ya ekari 5,000. Ardhi hiyo wenyeji wa asili walikuwa wakiiwinda tangu zamani, na hawakukubali kuiachia hivihivi.

Mwaka 1786 Kapteni alipigwa risasi akiwa kondeni na wanawe watatu. Josiah alikimbilia ngomeni kuita msaada. Mordecai, kifungua mimba, alikimbilia ndani kuchukua bunduki. Thomas, mwenye umri wa miaka minane, alibaki kando ya maiti ya baba yake. Shujaa mmoja wa wenyeji alipomsogelea mtoto, Mordecai alimlenga na kumwangusha.

Msiba ukafuatwa na sheria. Virginia, ambayo Kentucky ilikuwa bado sehemu yake, ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya kuwagawia watoto wote urithi wa ardhi, lakini sheria hiyo ilianza kutumika Januari 1787. Kapteni alikufa miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo ardhi ilimwangukia Mordecai, na Thomas akakua akifanya kibarua kwenye mashamba ya watu na kujifunza useremala. Baadhi ya makabati yanayoaminika kuwa kazi ya mikono yake yamehifadhiwa hadi leo, na ukitazama viungo vyake huoni mkono wa mvivu.

Mwaka 1803, akiwa na miaka 25, alinunua shamba lake la kwanza huko Mill Creek, ekari 238 kwa pauni 118. Alipokuja kuliuza mwaka 1814, ilionekana kwamba upimaji wa awali ulikuwa na kasoro, na zile ekari 238 zikahesabiwa kuwa 200. Akaliuza kwa hasara ya pauni 18.

Ekari 38 zinapoteaje? Kentucky haikupimwa na serikali kabla ya kugawiwa. Mtu alipata kibali cha ekari kadhaa, akaenda mwituni kuchagua kipande anachokipenda, kisha akatafuta mpimaji wake mwenyewe. Mpimaji alianzia kwenye mti, akafuata kijito, akakata kona penye jiwe, akarudi kwenye mti. Jirani naye alifanya vivyo hivyo na mpimaji mwingine. Hakuna aliyepanga ramani hizo pamoja, hivyo ardhi moja ikawa na madai mawili, matatu, yamelaliana kama makuti ya paa. Maneno kwenye karatasi yaliweza kuwa sahihi yote na bado shamba likawa na wenyewe wawili.

Wasomaji wa Kilimanjaro wanaelewa ninachosema. Isale, mmea unaopandwa mpakani, ni mpaka wa kuheshimika, na wazee wakilitambua hakuna ubishi. Lakini nimewahi kuitwa kwenye shauri ambalo masale yalikuwa yamesogezwa hatua nne, na waliokuwepo siku ya kuyapanda walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mti ni shahidi mzuri maadamu wapo wanaoujua. Wakiondoka wao, kila mtu huusemea lake.

Shamba la pili ni lile la mwaloni, Sinking Spring. Thomas alitoa dola 200 taslimu mwaka 1808 kwa ekari 300. Hapa tatizo lilikuwa deni. Aliyemuuzia alikuwa amenunua kwa mtu ambaye hakuwa amemaliza kumlipa mwenye ardhi wa mwanzo. Mwenye ardhi huyo akaenda mahakamani kudai chake. Mwaka 1816 shamba likawa limekwenda, na zile dola 200 zikapotea.

Wakati huo familia ilikuwa Knob Creek tangu 1811, kwenye bonde lenye udongo mzuri. Huko nako ikaja kesi. Warithi wa tajiri mmoja wa Philadelphia walidai ekari 10,000 katika eneo hilo, wakawashtaki wakulima kumi waondolewe, na Thomas alikuwa mmoja wao. Kesi ilipoamuliwa mwaka 1818, Thomas alishinda. Ila alikuwa ameshaondoka.

Mara tatu, mtu mmoja. Na huyo "mvivu" katika orodha ya kodi ya wilaya yake mwaka 1814 alikuwa wa 15 kwa mali kati ya watu 98. Kilichomrudisha nyuma si jembe.

Desemba 1816 aliivusha familia mto Ohio kuingia Indiana. Huko utumwa ulikuwa umepigwa marufuku, na mkulima asiye na watumwa hakushindana na kazi isiyolipwa. Zaidi ya hayo, ardhi ya Indiana ilikuwa imepimwa kabla ya kuuzwa. Sheria ya 1785 iliagiza nchi ikatwe miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na sheria za baadaye zikaruhusu vipande hivyo kugawanywa robo kwa robo. Kilichotumika ni mnyororo wa futi 66 wenye pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Kila nikilirudia hesabu hili nafurahi, kwa sababu mkulima asiyejua kusoma vizuri angeweza kuelezwa shamba lake akalielewa.

Oktoba 1817 Thomas alikwenda ofisi ya ardhi ya Vincennes kuandikisha robo ya kipande, ekari 160 kwa dola mbili kila ekari. Alilipa dola 16, na Desemba akaongeza 64. Salio lilimshinda. Mwaka 1827 alirudisha nusu ya ardhi, malipo yake yakahesabiwa kwenye nusu iliyobaki, akapata hati safi ya ekari 80.

Bei ya Indiana haikuwa ya dola tu. Oktoba 1818 Nancy alikufa kwa ugonjwa wa maziwa: ng'ombe walikula gugu la msituni lenye maua meupe, sumu ikapita kwenye maziwa. Thomas alipasua mbao akatengeneza jeneza, na Abraham, mwenye miaka tisa, alichonga vigingi vya kulifungia. Mwaka uliofuata baba alirudi Kentucky, akamwoa mjane Sarah Bush Johnston mwenye watoto watatu, akaja naye. Abraham alimpenda mama huyo wa kambo maisha yake yote. Dada yake, aliyeitwa Sarah pia, alifariki akijifungua mwaka 1828.

Machi 1830 wakahamia Illinois, na muda si mrefu Abraham akaanza kujitegemea. Mwaka 1833 aliajiriwa kuwa msaidizi wa mpima ardhi wa wilaya ya Sangamon. Alikopa, akanunua dira na mnyororo, akasoma vitabu vya upimaji hadi usiku wa manane. Mojawapo ya kazi zake za kwanza, mapema 1834, ilikuwa kumpimia mkulima mmoja ekari 80, naye akalipwa ngozi mbili za paa. Mtoto aliyeona baba yake akipoteza mashamba kwa vipimo na hati mbovu alikwenda kushika mnyororo. Hakuandika kwamba aliliwaza jambo hilo, lakini mimi siwezi kulitazama bila kuliwaza.

Baba na mwana hawakuwa karibu. Thomas alipokuwa mahututi Januari 1851, Abraham hakwenda, wala hakuhudhuria mazishi. Lakini miaka kumi kabla, Oktoba 1841, Thomas alipobanwa na fedha, Abraham alinunua kwake ekari 40 za shamba la Illinois na kuwaachia wazazi waitumie ardhi hiyo hadi kufa kwao. Alilipa dola 200, kiasi kilekile kilichopotelea Sinking Spring. Hati ya mauzo inataja robo ya robo ya kipande, namba ya kipande na namba ya mraba. Hakuna mti uliotajwa.