Msiisugue kwanza: nikiitwa kufungua kopo la sarafu la marehemu

Simu huwa zinakuja baada ya arobaini. Kabla ya hapo watu bado wako kwenye msiba na vitu vya marehemu havijaguswa, ila arobaini ikishapita ndo chumba kinafunguliwa, godoro linatolewa nje, nguo zinagawiwa, na juu ya kabati au uvunguni linaonekana kopo. Mara nyingi ni la biskuti, la bati, picha yake imeshafutika. Ndani sarafu. Mtoto mkubwa anazimwaga zote kitandani, anapiga picha moja ya mbali yenye giza, ananitumia WhatsApp: "Shikamoo mzee, hizi zinauzwa bei gani?"

Nimefanya kazi ya kutambua na kukadiria sarafu na noti za zamani zaidi ya miaka 20, na jibu langu halijabadilika: msiuze leo, msiisugue hata moja, na je marehemu aliacha maandishi yoyote? Daftari, bahasha, kijikaratasi, hata maneno nyuma ya kalenda. Hilo swali la tatu watu wanaona kama nawazungusha wakati wao wanataka bei, lakini ndo swali kubwa kuliko yote na leo nataka nilieleze vizuri kwa sababu nimechoka kuona nusu ya mkusanyiko inatupwa jalalani kabla sijafika.

Nianze na nyumba mbili. Ya kwanza Dar, marehemu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa safari, kakusanya kwa miaka 40 hivi. Nilipofika vijana wake walikuwa wamenipangia sarafu kwenye sinia, zinameta. Wamekesha wanazisugua kwa ndimu na majivu ili mgeni akute vitu visafi. Ilikuwemo rupia ya Mjerumani ya miaka ya 1890, ile ya Kaisari aliyevaa kofia ya chuma, ya madini ya fedha, na pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Zote zimechunwa. Mtu asiyejua anaona zimependeza, ila sarafu ya shaba ikikaa miaka mingi inajivika ngozi yake ya kahawia na hiyo ngozi ndo inailinda, ukiitoa umeiacha uchi na mistari ya kusuguliwa haifutiki tena milele. Mnunuzi anayejua akiinamisha tu kwenye mwanga anaiona. Niliwaambia ukweli, wakanyamaza. Walikuwa wamefanya kwa mapenzi kabisa, kumheshimu baba yao, na ndo maana inauma.

Na vijikaratasi? "Kulikuwa na makaratasi makaratasi humo ndani mzee, tulichoma na takataka."

Nyumba ya pili Tanga. Marehemu alikuwa karani wa reli, mshahara wa kawaida, hakuwahi kununua sarafu ya bei kubwa maisha yake yote. Sarafu zake 412, nyingi ni za kawaida sana, zile za East Africa zenye simba na milima, senti za tobo, thumuni, ndururu. Lakini kulikuwa na daftari la shule, la mistari, limeandikwa kwa kalamu ya wino mwandiko wa karani kweli kweli. Namba 47: senti 10 ya tobo, 1922, nimerudishiwa chenji na mama muuza maandazi stesheni ya Korogwe, sikuitumia kwa sababu ilikuwa nzuri. Namba 112: rupia, 1890, ya bibi mzaa mama, aliificha kwenye kibindo wakati wa vita ya Mjerumani. Ukurasa baada ya ukurasa hivyo hivyo. Nilikaa na lile daftari mpaka adhana ya magharibi, chai ikapoa. Kwenye mizani ya soko mkusanyiko wa Dar ulikuwa na thamani mara nyingi zaidi hata baada ya kuchunwa, sikatai, lakini ukiniuliza mimi ni upi uliobaki hai nitakwambia wa Tanga.

Sarafu peke yake inakwambia vitu vichache tu, mtawala, mwaka, madini. Imepitaje mpaka ikafika kwako haisemi. Kuna askari mmoja wa Australia mwaka 1944 alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, akaokota sarafu 9 kwenye mchanga, akazitia kwenye kopo akasahau. Mwaka 1979 akazikumbuka akazipeleka zitambuliwe. Nne zikawa za Kiholanzi na 5 za Kilwa, za kwetu, za masultani wa kale! Mpaka leo wataalamu wanajadili zilifikaje kule. Sasa lile jambo halikuishia kwenye kubahatisha tu kwa sababu yule bwana alikuwa na ramani aliyoichora, kaweka alama ya msalaba pale alipookota, na mwaka 2013 watafiti wakaenda mpaka pale pale kwa kuifuata. Zingekuwa hazina ile ramani zingebaki sarafu 5 za shaba zilizochakaa kwenye kopo na hakuna mtu angeweza kuuliza swali la maana juu yake.

Kingine ni Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 iligunduliwa akiba ya sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu, za karne ya 11 huko. Mtu alizifukia na hakurudi. Labda alikufa, labda alisafiri na chombo kikazama. Huwa nawaza alimwambia mkewe au hakumwambia, maana hata leo hali ni ile ile, mzee anajua kila kitu kilichomo kwenye kopo lake na watoto wake 6 hawajui hata kimoja, wanajua tu "baba alikuwa anapenda vile vihela vyake".

Hata hilo neno hela linatoka humo humo kwenye kopo. Mjerumani mwaka 1904 aliigawa rupia yake kuwa heller 100, badala ya pesa 64 za mwanzo. Ile heller ndo hela yetu ya leo, na ile sarafu ya shaba ya kabla yake ndo iliyoitwa pesa. Nikimwonyesha kijana sarafu yenye neno HELLER namwambia isome kwa sauti, uso wake unabadilika pale pale. Kwa hiyo ukiona mtu mzima anakusanya vyuma vilivyochakaa usimwone kama anapoteza muda.

Sasa mambo ya kutunza, maana hapa ndo vitu vingi vinafia wakati mwenyewe bado yuko hai.

Adui wa kwanza Pwani ni hewa yenyewe, unyevu na chumvi. Shaba ikianza kutoa unga unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiupangusa, hiyo ni chumvi inaila kwa ndani, itoe uiweke pakavu peke yake. Vile vipakti vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu msivitupe, vinanyonya unyevu, tia viwili vitatu kwenye kopo na ubadilishe mara kwa mara. Adui wa pili ni albamu za bei rahisi, zile za plastiki laini zinazonuka kama pazia jipya la bafuni. Ile harufu ndo ugonjwa wenyewe. Kwenye joto letu plastiki ile inatoa utelezi unaogeuka ukijani juu ya sarafu, nimeona mikusanyiko mizima imeharibika hivyo na mwenyewe alidhani ameiweka mahali pa heshima kabisa. Bora bahasha ndogo ndogo za karatasi nyeupe, na juu yake unapata pa kuandika. Raba bendi na magazeti navyo weka mbali na sarafu za fedha, vinazigeuza nyeusi. Na shika sarafu kwa ukingo, jasho la vidole linaacha alama baada ya miaka utaiona.

Noti ndo usiseme. Nawaomba sana, msipeleke noti ya zamani kwenye stesheneri kuwekewa lamination! Ile plastiki ya moto haitoki tena, noti imekufa. Selotepu hivyo hivyo, na pini za stepla. Noti iliyochanika iache imechanika, iweke kati ya karatasi mbili safi, imelala, isikunjwe.

Kuhusu noti, mwanzoni mwa mwaka 2025 nilipigiwa simu nyingi kuliko kipindi chochote. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za zamani za matoleo ya 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, baada ya hapo si pesa halali tena. Watu wakawa wanauliza, nizipeleke au nizitunze? Jibu langu lilikuwa, kama ni noti iliyozungukazunguka, imelegea, ina mafuta ya chapati, peleka benki ukachukue thamani yake maana ziko nyingi mno. Kama ni mpya inakwaruza, haijawahi kukunjwa, baki nayo. Kuna waliobaki na maburungutu wakidhani watakuja kuwa matajiri na kwa hao nasikitika kweli, noti haipandi bei kwa kuzeeka tu, inapanda kwa kuwa chache na kuwa safi. Shilingi ya East Africa nayo hivyo hivyo, za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, kuanzia 1948 hazina fedha kabisa ni shaba na nikeli, sasa mtu anakuja nazo 30 akitegemea kiwanja.

Na sonara? Sonara atakulipa uzito. Reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za Austria, zote zimeandikwa 1780 hata zilizochapwa karne iliyofuata, na pwani hii nyingi zimeshaishia kwenye vikuku na mikufu, hiyo ni kazi nzuri ya mikono na sina ugomvi nayo. Ila kuyeyusha rupia ya 1890 kwa bei ya uzito ni hasara tupu. Dhahabu ya Tabora ndo kila mtu anadhani anayo, ile ya rupia 15 yenye tembo na milima, iliyochapwa 1916 kwenye karakana ya reli Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakati Wajerumani wamezingirwa, kabla Wabelgiji kutoka Kongo hawajauteka mji mwezi Septemba mwaka ule ule. Nimeletewa nyingi. Karibu zote za kuigiza. Usilipe hata senti kabla haijapimwa.

Na ukiletewa sarafu za Kilwa mtu anakuuzia ufukweni, usinunue. Tanzania Bara sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na mbali na sheria, sarafu iliyochomolewa ardhini bila mtu kuandika ilikuwa wapi ni kama yule askari angetupa ramani yake.

Mirathi inaleta kazi. Watoto wanataka mgao sawa, kwa hiyo seti ya senti za tobo iliyokamilika mwaka kwa mwaka inakatwa vipande 6 na hakuna anayebaki na kitu. Ninachoshauri ni ikadiriwe yote kwa pamoja, mmoja anayeipenda aichukue, wengine wafidiwe kwenye vitu vingine, na wote wasaini. Kama hakuna anayeipenda basi iuzwe nzima kwa mkusanyaji mwingine pamoja na daftari lake, sio aibu. Bora mwenyewe akiwa hai awaulize wanawe nani anataka, na kama kimya, auze mwenyewe kwa bei anayoijua. Mimi nimeshauliza kwangu, binti yangu wa pili kasema anataka noti, sarafu hazitaki. Sawa. Sarafu natafuta wa kumpa.

Kule Tanga waliniuliza bei, nikawapa, na haikuwa kubwa. Mjukuu mmoja, wa kike, yuko chuo, akasema yeye atachukua na daftari. Nilidhani ni maneno ya siku ile. Mwezi wa tatu 2025 akanitumia picha ya ukurasa mpya, chini ya mwandiko wa wino wa babu yake yeye kaandika kwa peni ya bluu: "Namba 413. Noti ya shilingi 500, ya Karume, 2010. Chenji ya konda, Ubungo, ilibaki ndani ya kitabu cha Jiografia tangu fomu tu. Wengine wanaipeleka benki."

Akaniuliza kama ameandika vya kutosha. Nikamwambia aongeze tarehe.